Maji Baridi na Maji ya Baridi: Maradhi ya Nguva na Maneno ya Kuyaelezea

Sentensi isemayo "maji baridi hudhuru afya ya nguva" ni fupi, nayo haina neno hata moja gumu. Hata hivyo mvuvi wa Rufiji na mkulima wa Mufindi wakisomewa sentensi hiyo hawatafahamu jambo moja. Wa kwanza aghalabu atafikiria maji ya mto, yasiyo na chumvi, yanayoingia baharini wakati wa masika. Wa pili atafikiria maji ya alfajiri ya mwezi wa Julai, yanayouma vidole. Mmoja wao tu ndiye atakayekuwa ameipata maana iliyokusudiwa, na mwenziwe atakuwa ameshika jambo lisilo kweli, kwani maji yasiyo na chumvi hayamdhuru nguva kwa kuwa hayana chumvi, na jamii moja ya wanyama hao huyatafuta makusudi ili kuyanywa.

Mgongano huu unatokana na neno baridi lenyewe. Katika usemi wa pwani, na kwa kufuata pwani katika vitabu vya shule na vya idara za uvuvi, maji baridi ni kinyume cha maji ya chumvi. Samaki wa maziwa na mito huitwa samaki wa maji baridi, ijapokuwa maji hayo yaweza kuwa na joto la kutosha kumfanya mtu atoke jasho. Wako wasemao maji matamu, lakini usemi huo haukuenea sana bara. Kadhalika, vinywaji viuzwavyo katika chupa huitwa vinywaji baridi hata vikiwa vimekaa juani tangu asubuhi, na muuza duka hulazimika kumwuliza mnunuzi kama anataka kinywaji baridi cha baridi au cha moto. Hapa neno baridi limekwisha acha kupima joto, na limekuwa jina la aina.

Katika Nyanda za Juu za Kusini maana hizi mbili hazikupata nafasi ya kuachana. Mji wa Mbeya uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haipungui sana chini ya kimo hicho. Mufindi huinuka zaidi, na uwanda wa Kitulo hupita mita 2,600. Huko, katika miezi ya Juni na Julai, sakitu huonekana juu ya majani asubuhi, ile ambayo wengine huiita jalidi. Kila kijito kishukacho kutoka Mporoto au Kipengere ni maji baridi kwa maana zote mbili kwa pamoja. Mtoto aliyekulia huko hana sababu ya kutenganisha kitu ambacho mto wa kwao haukukitenganisha. Na mtu wa pwani asemapo kipupwe kimeingia, akajifunika shuka nzito, mgeni kutoka Mbeya huenda akashangaa baridi yenyewe iko wapi.

Jambo hili la vipimo vya mazoea lina uzito wake katika habari ya nguva, kama itakavyoonekana. Lakini kwanza yafaa kueleza ni mnyama gani anayesemwa.

Kiswahili kina neno moja, nguva, na neno hilo limebeba mzigo mkubwa. Kwa wavuvi wa Kilwa, Mafia, Rufiji na Lamu, nguva ni mnyama wa bahari anyonyeshaye mtoto wake na kula nyasi ziotazo chini ya maji. Huvuta pumzi kwa mapafu, na hurefuka kiasi cha mita tatu. Mkia wake umegawanyika pande mbili kama wa nyangumi. Katika magharibi ya Afrika na katika Amerika wako ndugu zake, nao ni jamii tatu: mmoja wa pwani na mito ya Afrika tangu Senegali hadi Angola, mmoja wa bahari ya Karibi na Florida, na mmoja wa mto Amazon. Hawa mkia wao ni wa mviringo, mfano wa upawa, na huweza kukaa katika mito na maziwa mbali na bahari, jambo ambalo nguva wa kwetu hafanyi. Wafasiri wa Kiswahili huwaita wote nguva, na hapana ubaya wowote, mradi msomaji aambiwe ni nguva wa wapi. Ubaya mkubwa zaidi umetoka upande mwingine: katika hadithi za watoto na katika magazeti neno hilo sasa hutumiwa kwa yule kiumbe wa kubuniwa, nusu mwanamke na nusu samaki, hata yuko msomaji wa bara aliyekua akiamini kwamba nguva hayupo duniani. Katika makala haya nguva mwenye mkia wa upawa ataitwa nguva wa Florida, kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa sana kuhusu baridi, na yule wa Bahari ya Hindi ataitwa nguva wa kwetu.

Kwa mtu wa Iringa asiyewahi kuona bahari, iko njia ya kumfahamu nguva bila kushuka pwani. Wataalamu wa viumbe wamethibitisha kwamba ndugu wa karibu wa nguva walio hai leo si nyangumi wala kiboko, bali ni tembo na pimbi. Mtu akitazama atakuta dalili za udugu huo: tembo jike na nguva jike wote wana matiti mawili kifuani karibu na makwapa, na nguva wa Florida ana kucha katika makasia yake zilizo mfano wa kucha za tembo. Tembo wa Ruaha wanajulikana na kila mtu. Pimbi hana sifa kubwa, lakini ndiye mwalimu bora katika jambo hili. Asubuhi ya baridi, penye miamba, pimbi hutoka mapangoni na kujilaza juu ya mawe, ubavu umeelekezwa jua, wakiwa wamebanana kama watoto katika kitanda kimoja. Hawatafuti chakula mara moja. Wanaota jua. Sababu yake ni kwamba moto wa ndani wa pimbi ni mdogo: mwili wake hauchomi chakula kwa kasi kama mwili wa sungura au paka, na joto lake hupanda na kushuka kwa kufuata hewa ya nje kuliko lile la wanyama wengi wenye damu ya moto. Akiba anayokosa ndani huichukua kutoka juani na kutoka kwa wenzake.

Nguva naye ana moto mdogo. Wachunguzi waliompima nguva wa Florida walikuta kwamba mwili wake huzalisha joto kidogo sana kuliko ilivyotazamiwa kwa mnyama wa uzito wake, kiasi kama theluthi moja. Katika maji ya moto hii ni faida, kwa kuwa nyasi ni chakula hafifu na mnyama mwenye moto mkubwa asingeweza kuishi kwa nyasi peke yake bila kula mchana na usiku. Lakini nguva hana mwamba wa kuotea jua. Yumo majini daima, na maji hunyang'anya joto la mwili kwa kasi zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Nyangumi na sili, ambao nao wamo majini, wamejikinga kwa mafuta mazito chini ya ngozi na kwa moto mkali wa ndani. Nguva wa Florida, ijapokuwa ni mnene hata akafikia kilo 500, unene wake mwingi ni utumbo na majani, wala si mafuta ya kumkinga. Mtu akimwona hudhani amevaa blanketi, kumbe amevaa shuka.

Tena lazima kutenganisha habari ya nguva na ile ya samaki, kwa kuwa watu wa Nyanda za Juu wanaijua sana ya pili. Perege akiwekwa katika bwawa la Mufindi hukua polepole mno, na wafugaji wa samaki wameona hasara yake. Maji ya baridi humfanya asile, na mwili wake hupoa sawasawa na maji. Samaki wa namna ya trauti, walioletwa na Wazungu katika mito ya milimani, hustawi katika maji yayo hayo. Samaki hapigani na baridi: ama ameumbwa kwa ajili yake ama hakuumbwa. Nguva hupigana. Mwili wake hutaka kubaki katika joto la nyuzi 36 hivi za sentigredi, karibu sawa na la mwanadamu, na kila siku ya maji ya baridi ni siku ya kutumia akiba. Kwa hiyo samaki hudumaa, lakini nguva huugua.

Kipimo ambacho wataalamu wa Florida wamekiweka ni nyuzi 20. Maji yakikaa chini ya hapo kwa siku nyingi mfululizo, nguva huanza kupata maradhi. Yakishuka chini zaidi, siku za kuvumilia hupungua. Hapa ndipo yale mazoea ya lugha yanapompoteza msomaji. Maji ya nyuzi 20, mtu wa Mbeya akiyatia mkono mwezi wa Julai, hatayaita ya baridi hata kidogo. Huenda akasema ni vuguvugu. Akisoma kwamba nguva hufa kwa maji ya baridi, atafikiria maji kama ya Kitulo, karibu na kuganda, na ataona ni jambo la kawaida kwa mnyama yeyote kufa humo. Ajabu yenyewe itampita. Nguva haui kwa maji yanayoganda. Huuawa na maji ambayo binadamu huogelea.

Namna anavyouawa ndiyo sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inayotaka maneno ya kuchaguliwa. Nguva aliyepatwa na maji ya baridi hafi kwa kutetemeka usiku mmoja. Mara nyingi huchukua siku au majuma. Jambo la kwanza ni kwamba anapunguza kula, kisha anaacha. Kwa mnyama mwingine kukosa chakula ni njaa tu, lakini kwa nguva tumbo ndilo jiko lake. Majani anayokula husagwa kwa msaada wa vijidudu vilivyomo katika utumbo mpana, ambao katika nguva wa kwetu waweza kufikia urefu wa mita 25, na chakula hukaa humo kiasi cha juma moja kikichachuka polepole. Kuchachuka huko hutoa joto. Basi mnyama akiacha kula kwa sababu ya baridi, jiko linazimwa wakati ule ule ambapo moto unahitajiwa kuliko wakati wote. Choo hukauka na kufunga. Maji ya mwili hupungua, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake ilikuwa ikitoka katika majani. Mafuta kidogo aliyokuwa nayo huyeyuka, na mahali pake hubaki kitu laini kama ute.

Ngozi nayo huonyesha alama. Puani, katika makasia na pembezoni mwa mkia hutokea mabaka meupe, kisha vidonda na majipu, kwa sababu mwili umeondoa damu katika sehemu za nje ili kuokoa joto la ndani, na sehemu hizo zimeachwa kama shamba lisilopata maji. Mwishowe ulinzi wa mwili wenyewe hudhoofika. Vijidudu ambavyo kila siku huishi naye bila kumdhuru hupata nafasi, utumbo huvimba, mapafu hupata kichomi, na misuli ya moyo huharibika. Mwaka 2003 madaktari wa wanyama wa Marekani walichapisha maelezo ya maradhi haya baada ya kupasua mizoga, na jambo walilolisisitiza ni kwamba hapana kiungo kimoja kinachoweza kusemwa kuwa ndicho kilichoua. Ni mwili mzima unaoachia, kiungo baada ya kiungo.

Wanaokufa zaidi ni wadogo, hasa walioachishwa maziwa karibuni. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Lakini iko sababu nyingine isiyo ya hesabu: nguva mchanga hujifunza kwa mama yake njia ya kwenda mahali penye maji ya moto, na aliyeachwa kabla ya kuijua njia hiyo vizuri hubaki akizunguka katika maji yanayomwua, ijapokuwa wokovu hauko mbali.

Mahali hapo penye maji ya moto ni chemchemi, na hapa tena mfasiri ajihadhari. Mtu wa Mbeya akisoma kwamba nguva hukimbilia chemchemi za maji moto, atazikumbuka zile za bonde la Songwe, ambazo maji yake huunguza, na atajiuliza nguva amewezaje kutopikwa. Chemchemi za Florida, kama ile iitwayo Blue Spring, hutoa maji ya nyuzi 22 au 23 mwaka mzima. Si za moto kwa mtu yeyote ila kwa nguva, na hata kwake ni za moto wakati wa baridi tu, mto ulio kando yake unapopoa kupita hapo. Katika karne ya ishirini nguva hao waligundua pia kwamba mitambo ya umeme iliyojengwa kando ya maji hutoa maji yaliyopashwa moto, wakaanza kukusanyika kwa mamia mbele ya mifereji ya mitambo hiyo. Hivyo afya yao ikafungwa na biashara ya umeme: mtambo ukifungwa kwa kuchakaa, nguva waliozoea kuja hapo huja wakakuta maji yamepoa.

Mwaka 2010 ulionyesha baridi inavyoweza kufanya. Mwezi wa Januari mwaka huo baridi kali ilidumu Florida kwa majuma, na hesabu ya serikali ya jimbo ilipofungwa mwisho wa mwaka ilionyesha mizoga 766 ya nguva, ambayo 282 kati yake ilikutwa na alama za maradhi ya baridi. Mwaka 2021 walikufa wengi zaidi, yapata 1,100, na wengi wao walikufa kwa njaa. Kwa juu juu hii ni habari nyingine, lakini baridi imo ndani yake. Katika wangwa wa Indian River, upande wa mashariki, nyasi za chini ya maji zilikuwa zimekufa kwa miaka mingi ya uchafu uliofanya maji yasipitishe jua. Nguva walikuja wakati wa baridi kwenye maji yaliyopashwa moto na mtambo, kama walivyozoea, wakakuta hakuna cha kula hapo. Na kutoka kwenda mbali kutafuta chakula kulikuwa kuingia katika maji ya kuua. Wakachagua joto, wakafa kwa njaa.

Nguva wa kwetu naye hapendi baridi. Katika ghuba ya Moreton, karibu na mji wa Brisbane huko Australia, ambapo ni karibu na mwisho wa makao yake upande wa kusini, wakati wa baridi nguva hula ndani ya ghuba kisha hutoka kwenda bahari kuu, ambako maji yana joto zaidi kwa nyuzi kadhaa, hupumzika huko na kurudi tena kula. Mkondo wa kawaida wa maisha yao umepangwa na kipimo cha nyuzi 18 au 19 hivi. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki hali ni tofauti kabisa. Maji ya bahari kati ya Lamu na Mtwara huwa baina ya nyuzi 25 na 30 kwa mwaka mzima au karibu na hapo. Hapana nguva aliyepata kulazimika kukimbia kipupwe.

Alikuwako mmoja tu wa ukoo huu aliyeishinda baridi. Mwaka 1741 tabibu na mtaalamu Georg Steller, aliyevunjikiwa merikebu katika bahari ya Bering mashariki mwa Urusi, alimwona na kumwandika nguva mkubwa afikaye mita 8, mwenye ngozi nene kama gome na mafuta mazito chini yake, akila mwani katika maji yaliyo karibu kuganda. Baridi haikumfanya kitu. Wawindaji walimmaliza kabla ya mwaka 1768 kwisha.

Sasa liko swali ambalo msomaji wa Mbeya au Iringa ana haki ya kuliuliza, kwa kuwa linamhusu. Mito ya kwao hushuka hadi makao ya nguva. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya Mporoto na Kipengere, hupita katika uwanda wa Usangu na bwawa la Ihefu, hupokea Ruaha Mdogo utokao kwenye vilima vya Iringa na kupita kando ya mji, hupita Mtera na Kidatu, kisha huingia katika Rufiji. Mto Rufiji nao humwaga maji yake baharini mkabala wa Mafia, na eneo hilo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo linalohesabiwa kuwa kimbilio la mwisho la nguva katika Tanzania. Je, maji ya baridi ya Nyanda za Juu humfikia nguva yakamdhuru?

Hayamfikii yakiwa ya baridi. Maji yaliyotoka Kitulo na sakitu pembeni mwake hukaa siku nyingi katika tambarare za Usangu chini ya jua, na yafikapo kwenye delta yamekwisha kuwa maji ya moto kama ya mito mingine ya pwani. Yaliyobaki katika safari hiyo ni ile maana ya pili tu: yamefika maji baridi, lakini si maji ya baridi. Mfano wa Ziwa Nyasa huonyesha jambo lilo hilo. Watu wa Kyela hulitazama ziwa ambalo hata vilindini, mamia ya mita chini, maji yake hubaki karibu nyuzi 22, yaani sawa na chemchemi wanazokimbilia nguva wa Florida kujiokoa. Hamna nguva humo, na sababu si baridi. Ni kwamba nguva wa kwetu ni wa bahari, na wale wa magharibi, waliomo katika Kongo ya chini, wamezuiwa na maporomoko.

Hata hivyo maji baridi, kwa maana ya pwani, yana habari yake. Mto ukifurika huleta tope, na tope likifunika nyasi za bahari au kuzuia jua, nyasi hufa. Mwaka 1992 katika ghuba ya Hervey, Australia, mafuriko mawili na tufani viliua nyasi za kiasi cha kilomita 1,000 za mraba, na nguva wengi wakafa au wakahama. Maji hayo hayakuwa na baridi wala hayakumdhuru nguva kwa kukosa chumvi. Yaliua chakula chake. Mvuvi wa Rufiji asemaye kwamba maji baridi humfukuza nguva hatakuwa amekosea, ingawa hatakuwa amesema jambo ambalo mwandishi wa Florida alilikusudia.

Na Nyanda za Juu zimebadili maji hayo kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa majuma au miezi wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji na mengineyo huko Usangu, na chini yake yamejengwa mabwawa, la mwisho na kubwa kuliko yote likiwa lile la Julius Nyerere katika Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kutoa umeme mwaka 2024. Maji, tope na mbolea ya asili vifikavyo kwenye delta haviwezi kubaki kama vilivyokuwa. Lakini lililompunguza nguva zaidi si mto. Ni jarife, wavu wenye matundu makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa; nguva akinaswa humo hushindwa kupanda kuvuta pumzi, akafa maji. Mwezi wa Desemba 2022 nguva wa Afrika ya Mashariki waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, ikikadiriwa kwamba wakubwa wenye kuzaa hawafiki 250 katika pwani yote, na kundi pekee lenye tumaini liko Bazaruto katika Msumbiji.

Limebaki suala la jina la yale maradhi. Wafasiri wakikuta jina la Kiingereza hukimbilia kusema ugonjwa wa baridi, na tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, homa ya baridi kwa Waswahili ni ile homa ya kutetemeka, aghalabu ya malaria, na baridi yabisi ni maumivu ya viungo. Msomaji atavutwa huku au huku. Pili, baridi ni jina la kisababishi, nalo halisemi lolote juu ya mwili unaopunguza kazi yake kidogo kidogo mpaka ukanyamaza. Kiswahili kinalo neno lenye kubeba yote mawili, nalo ni kuzizima. Maji huzizima yakiwa ya baridi sana. Mwili huzizima ukiondokewa na joto. Na mahali huzizima pakiwa kimya pasipo mwendo. Nguva asiyekula, asiyeogelea, ambaye utumbo wake umesimama na ngozi yake imekosa damu, amezizima kwa maana zote tatu. Ugonjwa wa kuzizima, au kwa ufupi mzizimo, lingekuwa jina la haki, wala lisihusishwe na Mzizima, kile kijiji cha kale penye Dar es Salaam ya leo, ambacho jina lake hufasiriwa kuwa mji wenye uzima.

Na kwa kitendo cha nguva kukusanyika penye chemchemi, tafsiri zilizopo husema wanatafuta hifadhi ya joto, maneno ambayo hakuna mtu ayasemayo jikoni kwake. Mtu wa Iringa akimwona pimbi juu ya mwamba husema anaota jua. Akimwona mzee kando ya mafiga husema anaota moto. Nguva wa Florida, mwezi wa Januari, wanaota maji.